Alama za Baba, Alama za Mama

Wiki iliyopita tulimwacha Shangazi mlangoni mwa jiko, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, kinywa wazi. Hajasogea tangu siku ile. Tumwondoe pale kabla hajaota mizizi.

Aliyemfanya atoe macho ni Pini, binti wa mdogo wake wa kiume, mtoto wa miaka minane, amesimama juu ya kigoda mbele ya jiko la gesi. Mkononi ana koleo la hospitali la mama yake. Ndani ya sufuria maji yanatokota. Na kinachotolewa majini, kikichuruzika, ni saa ya mkono ya Hakimu.

Kwa yule aliyefungia sabuni gazeti la wiki iliyopita, nitaeleza mara moja na sirudii.

Baba yake Pini ni fundi saa, kageuza chumba cha mbele kuwa karakana. Mama yake ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, naye kapata mafunzo ya mwaka mzima katika hospitali kubwa ya mji wa mbali, pamoja na nyumba ya kukaa. Fundi hawezi kuhama na wateja wake. Likabaki swali la Pini atakaa na nani, na kila mmoja akaapa kwamba mwenzake atamharibu mtoto. Wakarushiana maneno mwezi mzima. Mwisho wakamwita Shangazi, mkaguzi wa shule mstaafu, aje akae siku saba, aangalie nani anajua kulea, kisha atamke. Leo Jumamosi ni siku ya sita. Uamuzi ni kesho adhuhuri.

Shangazi alikuja na nguo mbili na daftari moja. Kila ukurasa kaupiga mstari katikati, kushoto Baba, kulia Mama. Pini akikosea, Shangazi hutazama jinsi anavyorudiwa, kisha humpa kila mzazi alama zake kati ya kumi. Alivyokagua walimu kwa miaka thelathini ndivyo anavyomkagua ndugu yake wa tumbo moja, na haoni aibu.

Mama huhesabu. Katika chumba cha upasuaji mgonjwa hashonwi mpaka vifaa vihesabiwe, mkasi kwa mkasi, kwa sauti, na Muuguzi kaileta hesabu hiyo mpaka nyumbani. Pini akigoma kuosha vyombo, mama husimama wima na kusema moja. Akifika mbili, mtoto ana sifongo mkononi. Kinachotokea baada ya tatu hakuna anayekijua, hata mama mwenyewe, maana hawajawahi kufika.

Baba hahesabu. Baba hufungua. Anasema saa iliyosimama haipigwi, hufunguliwa ukatazama kilichoziba, na mtoto vivyo hivyo. Humkalisha Pini kwenye kigoda cha karakana, huvua lenzi yake ya jichoni, huuliza kwa nini. Akijibiwa, huuliza kwa nini ya hiyo kwa nini. Jumatano, shule zikiwa zimefungwa, kikao cha kikombe kilichovunjika kilianza saa tano asubuhi, na ilipogonga saa saba mtoto akasema, "Baba, si unichape tu tukale?"

Mama anamwita mumewe mlegevu na kumkumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Baba anamjibu kwamba mtoto si mgonjwa aliyelazwa mezani. Hapo ndipo ndoa yao ilipofikia.

Haya, turudi jikoni, maji yanakauka.

Mtu mwingine angezima jiko. Shangazi alitoa kalamu.

Ilikuwa saa nane na robo. Saa kumi Hakimu angekuja kuchukua saa yake, na kila mtu nyumbani alijua habari za saa hiyo. Marehemu mkewe ndiye aliyemvisha siku ya ndoa yao, na tangu hapo mzee huyo huivua akienda kuoga tu. Fundi alikaa nayo siku kumi na moja. Asubuhi hiyo hiyo ilikuwa imeanza kutembea, akaiweka kwenye sahani ndogo dirishani, akaitazama kwa raha zake, akaenda kunyoosha mgongo.

Sasa maji yalikuwa yakicheza nyuma ya kioo chake. Mshale mmoja ulikuwa umeng'oka na kulala chini. Mkanda wa ngozi ulikuwa umejikunja na kunuka kama kiatu kilicholala mvuani.

Baba akaingia kutafuta chai.

Aliuliza nani kafanya hivi. Lilikuwa swali la bure, kwa sababu koleo lilikuwa mkononi mwa mtoto na saa ilikuwa kwenye koleo. Pini akajibu kwamba ni yeye. Baba akaipokea saa kwa kitambaa, akaenda nayo karakana, na mtoto akamfuata kwa mazoea, akakaa kwenye kigoda chake, akangoja kuulizwa kwa nini.

Shangazi alijibanza nyuma ya pazia la mlango, daftari wazi.

Fundi akafungua mgongo wa saa. Maji yakamwagika mezani, si mengi, kijiko cha chai hivi. Akayatazama kwa muda mrefu. Hakuvua lenzi jichoni. Hakuuliza chochote.

Akasema moja.

Pini akainua kichwa. Shangazi akasimamisha kalamu. Katika nyumba ile hesabu ni ya mama, kama vile bisibisi ni za baba, na hakuna aliyewahi kugusa kifaa cha mwenzake.

Akasema mbili. Akasema tatu. Na hapo, msomaji, ndipo aliponaswa, maana alikuwa amefika mahali ambapo hata mwenye hesabu yake hajawahi kufika. Hakujua kinachofuata. Mtoto naye hakujua afanye nini, kwani hapakuwa na chombo cha kuosha. Basi baba akaendelea. Nne. Tano. Sita. Sauti ilizidi kupanda, na alipofika tisa akapiga meza kwa kiganja, na springi na skrubu za saa nyingine tatu zikaruka kila upande.

"Toka mbele yangu," alisema. "Sitaki kukuona."

Pini akatoka. Hakukimbia. Alipita pembeni ya pazia na pembeni ya Shangazi bila kumtazama, akarudi jikoni, akalirudisha koleo mahali pake.

Shangazi akaandika upande wa kushoto: mbili. Alitaka kuandika moja, akamhurumia ndugu yake.

Usidhani yameisha. Mama alikuwa ndiyo kwanza anafungua geti, ametoka zamu ya asubuhi, na kelele za mumewe alizisikia kuanzia barabarani. Mwanzoni alidhani ni mteja. Miaka kumi ya ndoa hajawahi kumsikia mume huyo akipandisha sauti, hata siku alipojichoma na chuma cha kulehemu.

Akaingia jikoni. Akaona sufuria, koleo, kigoda, maji sakafuni, na mtoto amesimama katikati. Shangazi alikuwa ameshahamia mlango wa pili na alikuwa tayari kwa moja. Aliingojea. Moja haikuja.

Muuguzi akakaa sakafuni. Na lile gauni lake jeupe la kazi, ambalo haruhusu hata mto ulisogelee kabla halijafuliwa, akakaa nalo kwenye maji, akamvuta mtoto karibu, akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini, mama?"

Pini akasema alitaka iwe safi. Baba alisema saa ilikuwa na uchafu ndani, na kitu kichafu, si huchemshwa?

Maana katika nyumba ile kila kitu huchemshwa. Chupa huchemshwa, vijiko huchemshwa, wembe wa kukatia kucha huchemshwa, na mwaka jana ilichemshwa zawadi ya kitana kutoka kwa jirani, ikatoka imepinda. Muuguzi alisikia jibu la mwanawe, akafunika uso kwa mikono miwili, akalia. Kwa hiyo ni yeye. Yeye ndiye aliyemfundisha. Mtoto kamkosea baba yake kwa kumwiga mama yake, na sasa kafukuzwa kama mbwa.

Alikaa pale sakafuni karibu nusu saa akiuliza na kusikiliza, akafuta miguu ya mtoto, hakutaja namba hata moja.

Shangazi akaandika upande wa kulia: tisa. Miaka thelathini ya ukaguzi aliwahi kutoa tisa mara mbili tu.

Sasa nakuambia kitu ambacho Shangazi mwenyewe hakukijua. Ana tabia. Akiandika, husoma kwa mdomo anachoandika, polepole, neno kwa neno. Aliipata zamani, alipokuwa akikagua madarasa yenye taa mbovu, na haikumtoka. Hajisikii. Walimu wa enzi zake walikuwa wakijua alama zao kabla hajafunga daftari, naye alistaajabu sana jinsi siri zilivyokuwa zikivuja.

Na wiki hii analala chumba kimoja na Pini, akijumlisha alama kila usiku kabla ya kulala.

Alipoingia chumbani alimkuta mtoto kakaa ukingoni mwa kitanda, macho makavu, amevaa viatu vya shule. Shangazi akakaa kwenye kitanda chake, akitafuta la kusema. Walimu alijua kuwaambia nini. Mtoto wa miaka minane aliyeambiwa asionekane, hakujua.

"Shangazi," Pini akasema, "baba umempa ngapi?"

Shangazi akauliza ngapi za nini.

"Asubuhi baba alikuwa na arobaini na moja na mama thelathini na tisa. Leo umewapa ngapi?"

Shangazi alimtazama mtoto, akalitazama daftari, akamtazama tena mtoto. Kudanganya hakuweza, hajazoea. Akasema mbili na tisa.

Pini akahesabu kwa vidole, akarudia, kisha akashusha mikono.

"Basi mama kapita kwa tano," alisema. "Nilipanga baba apate tatu, mama apate tano. Mama akihesabu huwa unampa tano. Leo alitakiwa ahesabu."

Taratibu, kama mtu anayevua kiatu kinachobana, Shangazi akaanza kuelewa. Kikombe cha Jumatano. Pazia lililokatwa Alhamisi, na mtoto akaenda mwenyewe kujisema kwa mama. Makosa yote ya wiki hii yalikuwa yamepangwa kwa zamu. Baba akiongoza, Pini humkosea baba. Mama akiongoza, humkosea mama. Lakini baba huyu alikuwa hakasiriki, kila akifanyiwa jambo anauliza tu kwa nini na kuokota alama zake saba, nane. Ijumaa jioni Pini alikaa akafikiri ni kitu gani duniani kinaweza kumkasirisha baba. Akakumbuka sahani ndogo dirishani.

"Kwa hiyo ulijua saa itaharibika," Shangazi akasema.

"Saa haichemshwi, Shangazi," Pini akajibu, kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni. "Mimi ni mtoto wa fundi."

Shangazi akamuuliza alikuwa anatafuta nini katika haya yote.

"Walingane. Wakilingana hakuna aliyeshindwa. Na kama hakuna aliyeshindwa, hakuna wa kuondoka."

Hapo Shangazi aliona aibu, nasema wazi. Mama ataondoka Jumanne, apate sifuri apate mia. Tiketi iko kabatini. Kilichokuwa kinaamuliwa ni mtoto tu. Nyumba nzima ina mtaalamu wa kuhesabu, mtaalamu wa kuuliza na mtaalamu wa kukagua, na katika siku sita hakuna hata mmoja aliyemkalisha binti huyu akamwambia habari hiyo. Aliambiwa Shangazi kaja kusalimia.

Alitaka kumwambia pale pale. Alifungua mdomo. Pini naye akawa anasema kwamba bado kuna nafasi, inabidi afanye kosa lingine kabla ya kesho adhuhuri, la mama, kubwa kiasi.

Mlango wa mbele ukagongwa. Hakimu kafika saa kumi kamili, bila saa.

Shangazi akamwambia Pini akae hapo hapo asitoke, akaenda karakana. Fundi alikuwa amesimama nyuma ya meza yake. Mkewe alikuwa amesimama kando yake, gauni limelowa nyuma. Tangu Jumatatu Shangazi hakuwa amewaona wakisimama upande mmoja wa meza yoyote. Katikati, juu ya kitambaa, saa ilikuwa imelala vipande vipande.

Hakimu akavaa miwani. Akaangalia. Akaunusa mkanda. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, ni nani aliyeichemsha saa yake.

"Mimi," akasema Fundi.

"Mimi," akasema Muuguzi.

Walisema kwa pamoja kabisa, wakageukiana, kila mmoja akimshangaa mwenzake kwa uongo wake. Kisha wakaanza kubishana mbele ya mteja. Mume akidai ni yeye, alikuwa akijaribu njia mpya ya kusafisha. Mke akidai ni yeye, aliiokota akidhani ni kifaa cha hospitali. Shangazi alilitazama daftari lake, kushoto na kulia, na hakuona mahali pa kuliandika jambo hili.

Hakimu aliwaacha waishiwe pumzi. Akasema amekaa kwenye kiti cha mahakama miaka ishirini na sita, na washitakiwa wote aliowaona walikuwa wakilikimbia kosa, hajaona wawili wanaonyang'anyana. Akasema anajua nyumba hii ina mtoto. Akavua miwani, akasema saa itengenezwe upya, hata ikichukua mwaka, yeye atangoja, mkewe naye alikuwa mtu wa kungoja. Akaaga, akatoka.

Fundi alikaa chini kama gunia. Muuguzi akaegemea ukuta.

Shangazi akaona saa ya kusema ukweli ndiyo hii. Akakohoa. Akaanza kwamba kuna jambo kuhusu alama, kuna jambo wanatakiwa walisikie, na hawezi kungoja kesho.

"Wifi, hata mimi siwezi kungoja," Muuguzi akamkatiza. "Tumalize leo. Mtoto abaki na baba yake."

"Hapana, dada," Fundi akasema kwa wakati ule ule. "Aende na mama yake."



Kisha Muuguzi akasema amemfundisha mtoto kuchemsha kila kilicho mbele yake, hana la kumfundisha zaidi, mumewe ndiye mwenye subira. Fundi akasema subira gani, leo kamfukuza mwanawe mwenyewe kwa ajili ya vyuma, na mkewe kakaa kwenye maji kumsikiliza. Mwezi mzima waligombea mtoto kila mmoja akimvutia kwake. Sasa waligombea kila mmoja akimsukumia mwenzake, na walivyo wale, hawakujua kugombea kwa sauti ya chini. Shangazi alijaribu kuingia katikati mara mbili, mara mbili hakupewa nafasi.

"Mchukue wewe," alisema Fundi.

"Simchukui. Baki naye wewe."

"Mimi siwezi kubaki naye, nimekwambia. Mchukue."

"Nimesema simchukui."

Pazia la mlango likasogea.

Pini alikuwa amesimama pale na begi lake la shule mgongoni. Zipu ilikuwa haijafunga vizuri, na kwenye uwazi ilionekana nguo ya kulalia. Alikuwa amesimama muda gani, hakuna aliyejua. Hakumtazama baba yake. Hakumtazama mama yake. Alimtazama yule mgeni aliyeambiwa kaja kusalimia.

"Shangazi," akasema, "kwako kuna kitanda kingine?"